Ngazi Ileile Mara Tatu

Kuresoi,
12 Januari 2025

Kwako Senge Milcah,

Shangazi yangu wa pekee, pokea salamu kutoka huku juu ambako baridi inafanya hata jogoo wachelewe kuwika. Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha Krismasi kilichoka na mimi, kikaenda kutafuta mwingine. Je, mahindi yameisha kupukuchuliwa? Na yule mbuzi mweusi bado anakula nguo za watu?

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilipokupigia nilipaza sauti mpaka mama mwenye nyumba, Cheptanui, akaja mlangoni kuuliza ni nani amefariki. Nilikuwa nakuuliza habari za afya, nawe ukanijibu kwamba bei imepanda. Basi tutumie karatasi. Masinde wa lori la viazi amekubali kuwa posta yetu, ila ameniambia wazi kwamba barua itasafiri siku gunia litakaposafiri.

Shuleni tumefungua. Darasa langu la kilimo limejaa, lakini mashamba ya wazazi wao yanatia huruma. Mnyauko umerudi. Unaona shina la kiazi limesimama vizuri asubuhi, jioni limelala, na ukichimba unakuta uozo mtupu. Watoto wananiuliza dawa, nami nawafundisha kung'oa na kuchoma kwa sababu hicho ndicho ninachokijua. Ndiyo maana nataka kwenda kusomea uzamili wa mbegu.

Kuhusu ule mtihani wa kuingia uzamili nilioufanya hapo Nakuru mwezi wa Novemba, wamesema naweza kwenda tena Machi. Kwa hiyo nitaenda tena.

Nakusalimia sana.

Wako,
Jerry Nyongesa

*

Bahati,
2 Februari 2025

Jerry mwanangu,

Nimepata barua yako na viazi. Viazi vitatu vilikuwa vimekatwa na jembe, mwambie aliyechimba kwamba nimemwona. Mbuzi mweusi amekula kitambaa cha kanisa na sasa anatembea kwa utakatifu. Mimi niko sawa. Masikio yamegoma lakini macho bado yanakula mshahara, kwa hiyo wewe andika tu.

Sasa turudi kwenye jambo. Umeitwa tena! Halafu unaliandika chini kabisa ya karatasi, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani! Baba yako alikuwa hivyohivyo. Alipandishwa cheo kule reli, mama yako akaja kujua baada ya miezi.

Unadhani sijui maana ya kuitwa tena? Mimi niliyepeleka kwaya za watoto kwenye tamasha mpaka nywele zikawa nyeupe? Kwaya ikiimba vibaya, jaji anafunga karatasi yake, watoto wanarudi nyumbani kula ugali, na hakuna anayewaita tena. Inayoitwa tena ni ile iliyopita. Inatoka kaunti inakwenda mkoa, ikipita mkoa inakwenda taifa. Sasa wewe umemaliza kaunti na Machi unaingia mkoa. Nimeelewa vizuri?

Jumapili sikungoja mtu aniruhusu. Wakati wa matangazo nilisimama nikawaambia mtoto wa marehemu ndugu yangu amepita ngazi ya kwanza. Akina mama walipiga vigelegele, mimi niliviona. Owuor akabonyeza kinanda mpaka vumbi likatoka. Chepkemei, mwenyekiti wetu, akauliza, "Kwani atakuwa daktari?" Nikamwambia ndiyo, daktari wa viazi. Wakacheka, lakini kwa heshima.

Usinywe maziwa baridi siku ya mtihani. Na ukiingia usimtazame jaji usoni, anadhani unamwomba.

Ninajivunia wewe, Jerry. Nimeona niseme kabisa, maana baba yako hayupo wa kusema.

Senge wako,
Milcah Nakhumicha

*

Kuresoi,
20 Aprili 2025

Kwako Senge,

Salamu za Pasaka. Mvua imeshika na barabara ya kwenda Molo imekuwa uji. Lori la Masinde lilikwama, ndiyo sababu barua imechelewa. Sababu nyingine ni mimi.

Nilienda Machi. Ulikuwa mgumu kidogo. Nitaenda tena Julai.

Sikupita Bahati kukusalimu kwa sababu gari la kurudi lilikuwa linaondoka. Nisamehe. Je, ulirudi kwa yule daktari wa masikio? Hukuniambia alisema nini.

Nakutumia gunia la viazi. Vyote ni vizima, nimevichagua mwenyewe.

Jerry

*

Bahati,
11 Mei 2025

Jerry wangu wa taifa!

Ngazi ya tatu! Kwaya zangu nyingi zilifia mkoani, kwenye sauti ya tatu, wewe umepita unasema "mgumu kidogo". Viazi vilifika, mbuzi hajambo. Sikio halina habari, tuliache.

Sikiliza mipango. Tarehe kumi na tano Juni tutafanya ibada ya shukrani kwa ajili yako. Chepkemei amekusanya akina mama, wamekushonea koti la kuvaa kwenye fainali. Ni la kijivu. Nilitaka la buluu, wakanishinda kwa kura. Pasta ameniomba nizungumze kabla ya mahubiri, na mimi sijawahi kukataa kuzungumza.

Kuna kitu kimoja. Owuor anasema alikuona Nakuru mwezi wa tatu, umekaa kwenye benchi karibu na steji ya magari umeshika kichwa. Alitaka kuja kukusalimu akaona uso wako, akapita. Nikamwambia macho yake yamezoea kinanda, hakuwa Jerry. Jerry alikuwa ametoka kushinda.

Lakini mwanangu, mbona huniambii jaji alisema nini? Watoto wangu wakipita walinisimulia mpaka rangi ya tai yake. Wewe hata sijui kama jaji ni mwanamume au mwanamke.

Niandikie mapema. Nataka maneno ya kusema siku hiyo.

Senge

*

Kuresoi,
25 Mei 2025

Kwako Senge Milcah,

Nakuomba ukae chini kabla hujaendelea. Huku wote ni wazima, hakuna aliyekufa.

Owuor ana macho mazuri. Nilikuwa mimi.

Hakuna kaunti, hakuna mkoa wala taifa. Hakuna jaji, ni kompyuta tu. Ni mtihani mmoja, uleule, na anayeenda tena ni yule ambaye mara ya kwanza haikumtosha. Novemba nilianguka. Machi sikuanguka lakini sikufika. Barua yako ya Februari ilipokuja nilitaka kukujibu siku hiyohiyo nikueleze ukweli. Nikaisoma. Nikairudia. Mle ndani kulikuwa na Jerry mwingine, amepita, anapigiwa vigelegele, nami nilimpenda kuliko huyu wa hapa. Nikaona nimwache aishi kidogo. Sasa ameshonewa koti.

Acha nikueleze kanuni kama zilivyo, ili usije ukasikia kwa mwingine.

Ukikosa, lazima ungoje miezi minne ndipo urudi. Unaruhusiwa kuufanya mara tatu tu. Baada ya hapo mlango unafungwa kwa miaka miwili. Na kuna mistari miwili. Ukivuka wa chini chuo kinakupokea, lakini ujilipie. Ukivuka wa juu unapata ufadhili. Machi nilivuka wa chini. Wa juu uliniponyoka, kwa sababu ya ile sehemu ya kupima hoja, ambako wanakupa maneno marefu kisha wanakuuliza ni neno gani halijasemwa. Karo ya chuo kile siwezi kuilipa, hata nikiuza viazi vya Kuresoi yote.

Kanuni ya mwisho ndiyo inayoninyima usingizi. Ukimaliza tu, kabla hujaonyeshwa alama, kompyuta inakuuliza: unakubali alama hizi, au unazifuta? Ukizifuta, alama za zamani zinabaki na hutajua kamwe ulipata nini. Ukizikubali, zinafunika zile za zamani, ziwe nzuri ziwe mbaya. Kwa hiyo Julai ninaweza kutoka na ufadhili, na ninaweza kutoka bila hata ile nafasi ndogo niliyonayo. Mwalimu mwenzangu Bethwel ananiambia nitosheke, niishike nafasi hiyo nitafute mfadhili polepole. Labda anasema kweli. Mtihani ni Jumamosi ya tatu ya Julai, na bado sijui kama nitaenda.

Wanasema mficha uchi hazai. Nimeuficha tangu Januari na sijazaa kitu. Tafadhali zuia ibada hiyo. Waambie akina mama nina aibu, na koti wampe mtu mwingine.

Jerry

*

Bahati,
29 Juni 2025

Jerry,

Salamu. Sisi ni wazima. Mbuzi amezaa mapacha.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na karatasi niliyoandika nikiwa moto niliitia jikoni. Ilikuwa na maneno ambayo mwalimu haandiki. Umeniacha nisimame mbele ya watu nikitangaza ngazi ambazo hazipo! Nimekasirika na wewe, na nimejikasirikia mwenyewe, maana wewe uliandika "nitaenda tena" na hizo ngazi nilizijenga mimi kwa matofali yangu.

Ibada sikuizuia.

Tarehe kumi na tano nilisimama kabla ya mahubiri. Kanisa limejaa, koti limetundikwa mbele kama bwana harusi hajafika. Nikawaambia hivi: "Niliwaambia mtoto wetu amepanda ngazi mbili. Hakupanda. Alianguka ya kwanza, ya pili akapungukiwa, na sasa anafikiria kurudi mara ya tatu. Mtihani ni uleule."

Kisha Chepkemei akainuka. Wewe unamjua, yeye hamumunyi neno. Owuor aliniandikia maneno yake kwenye mgongo wa bahasha ili nisipotewe na hata moja. Alisema, "Sasa mathe Milcah, leo tunashukuru nini? Si wanasema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia?"

Jerry, nilikuwa nimekuja na hasira yangu kutoka nyumbani, nikidhani nimekuja nayo kwa ajili yako. Swali hilo likaigeuza upande mwingine. Nikamjibu, "Mama, mimi nimefundisha kwaya. Nimeona watoto wengi wakishinda na kurudi jukwaani kwa mbio, kila mtu anapenda kurudi pale alipopigiwa makofi. Niambie wewe, umeona wangapi wakirudi pale walipoangushwa, mbele ya jaji yuleyule, na wimbo uleule? Mimi katika maisha yangu ya kazi sikumpata hata mmoja. Walioshindwa walibadilisha wimbo, au mwalimu, au waliacha kuimba. Huyu amerudi peke yake, bila kwaya, na hakumwambia mtu kwa sababu alituogopa, nyinyi na mimi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi leo namshukuru Mungu kwa mshindani."

Sikusikia walichojibu. Niliona tu Chepkemei akivua leso yake, akafuta macho, kisha akaenda mbele akapanguza vumbi kwenye bega la koti. Halitakwenda kwa mtu mwingine.

Nakustahi, mwanangu. Nilikustahi nilipodhani unapita, sasa nakustahi zaidi, na hilo lilinishangaza mimi mwenyewe.

Umeniuliza bila kuniuliza kama uende au utosheke. Sitakuamulia. Lakini hiyo kanuni ya mwisho inayokunyima usingizi, mimi naionea wivu. Sisi ukishaimba umeshaimba, jaji ameandika, huna la kurudisha. Wewe umepewa nafasi ya kuumeza wimbo wako kabla haujasikika. Ukienda, jambo moja nakuambia kama mwalimu: anayesimama mbele ya kwaya hujua kabla ya jaji. Wimbo ukiisha unajua tu, na asiyejua ni kwa sababu hataki. Ukifika kwenye swali hilo usifikirie karo, wala mimi, wala koti. Jiulize kama umeimba.

Kuhusu daktari wa masikio, alisema la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Nilikuwa sitaki kuliandika. Sasa tumemaliza siri, wewe na mimi.

Senge wako,
Milcah

*

Kuresoi,
21 Julai 2025

Kwako Senge wangu,

Nakusalimu, nawasalimu akina mama wote, mbuzi na mapacha wake. Nimefika salama. Cheptanui ameliona koti akasema sasa naweza kuoa.

Ulikuwepo Jumamosi, lakini ulikuwa nje, na yale uliyokuwa karibu nayo hukuyasikia. Kwa hiyo acha nikuandikie pande zote mbili.

Niliingia asubuhi bila kujua kama kuna mtu yeyote Nakuru anayenijua. Nilikaa karibu na dirisha linalotazama geti. Sehemu ya hesabu ilikwenda vizuri. Nilipofika kwenye hoja nikainua macho nipumzike kidogo, nikaona watu wamejipanga nje ya geti wamevaa sare ya kwaya. Nikadhani kuna harusi. Kisha nikamwona Owuor amebeba koti la kijivu kwenye mikono yote miwili kama mtoto mchanga, na wewe umesimama mbele yao umewapa mgongo, unatazama jengo.

Mlinzi alinieleza baadaye. Anasema mlikuja mkitaka kuimba, akawaambia, "Mathe, hapa hakuna kelele, watu wako kwa mtihani." Chepkemei akaanza kubishana, wewe ukamshika mkono. Basi mkasimama. Anasema alidhani mtachoka muende zenu. Jua likawaka, mtu akawaletea maji, mkanywa na kurudi kwenye mstari. Kwaya nzima imenyamaza! Anasema tangu aanze kazi ya geti hajawahi kuona watu wakinyamaza kwa bidii namna ile.

Mimi niliwaona kwa kitambo kidogo tu, kisha nikainamisha kichwa. Sitakudanganya kwamba maswali yalikuwa rahisi. Kuna moja nililisoma mpaka maneno yakapoteza maana, nikaliacha, nikalirudia mwishoni likafunguka. Nilipomaliza, kompyuta ikaniuliza swali lake. Unakubali, au unafuta?

Nikajiuliza kama ulivyoniambia. Jibu lilikuwepo, limekaa kimya, halina wasiwasi kama mimi. Nikabonyeza kukubali. Alama zikatokea. Nikazitazama nikatoka.

Sasa ya nje. Nilikuja kwako nikafungua mdomo nikuambie, ukaniwekea kiganja mdomoni mbele ya watu wote. Ukasema, "Usiseme kwanza. Jambo kama hilo sitaki kulisikia nusu. Utaniandikia." Ukawageukia wao. Mlinzi akasema, "Sasa imbeni tu, mathe, mtihani umeisha." Ukainua mikono.

Senge, nataka ujue walivyoimba, maana wewe ndiye uliyewafundisha na wewe ndiye pekee ambaye hukuwasikia. Ni ule wimbo wa shukrani uliowatungia mwenyewe. Sauti ya kwanza ilianza juu kidogo, kwa hofu. Uliona shingo zao zimekaza, ukashusha kiganja, nao wakashuka pamoja nacho mpaka pale wimbo unapokaa. Chepkemei alichelewa nusu neno katika kila mstari, na hakuona aibu yoyote. Owuor bila kinanda ni mtu mwingine kabisa, besi yake ilitingisha mnyororo wa geti. Watahiniwa waliokuwa wanatoka walisimama. Msichana mmoja aliyekuwa analia aliacha kulia, akamuuliza mlinzi, "Hao wanaimbia nani?" Mlinzi akamwambia, "Huyo wa koti." Hakuna aliyekuwa ameuliza kama huyo wa koti amepita au ameanguka. Kwenye ubeti wa mwisho zile sauti nne zilikutana, na nilizihisi kifuani kama nilivyokuwa nazihisi nikiwa mdogo chini ya benchi la kanisa ulipokuwa unafundisha. Walikuwa safi, Senge. Hapakuwa na hata mmoja nje ya wimbo, ukimwacha Chepkemei.

Wakati wanaimba nilikuwa nazijua alama zangu, na wao hawazijui, na nyuso zao zilikuwa zinang'aa hivyo. Nimewahi kupendwa, lakini sijawahi kuona kwa macho yangu namna ninavyopendwa. Nililia, uliona, na najua uliona kwa sababu ulilitazama koti badala ya kunitazama.

Basi nimeyaandika yote, limebaki moja. Umesema hutaki kulisikia nusu. Nimechukua kalamu nyeusi ya darasani, ile nene, na nimelipatia ukurasa wake wa nyuma peke yake. Ukimaliza kusoma hapa, geuza.

Jerry

NIMEPITA, SENGE. MSTARI WA JUU.